Mrumi wa Mabatini Apata Mfiwa

Wiki iliyopita tulimwacha Dkt. Bernadeta ndani ya shimo pale Mabatini, ameishika kofia ya vita ya Mrumi kwa mikono miwili, kamera za televisheni zikimmulika kama bibi harusi. Alikuwa ndiyo kwanza ameigeuza ili atazame ndani. Akatazama. Uso ukamshuka kama wa mwanafunzi aliyefungua karatasi ya Hisabati baada ya kusoma Jiografia wiki nzima.

Tangu siku hiyo watu hawajatulia. Msomaji mmoja wa Nyakato ameapa kwamba mle ndani kulikuwa na jina la mfalme wa Roma. Mwingine anasema ni laana. Kwa heshima na taadhima, poleni nyote.

Mle ndani kulikuwa na ua la alizeti.

Ua la njano, limechorwa kwa ustadi, na chini yake tangazo kwamba bidhaa hii haina lehemu.

Kwa maneno mafupi, kofia iliyotikisa Kanda ya Ziwa ilikuwa debe la mafuta ya kupikia. Lile shungi jekundu la jemadari lilikuwa ufagio wa plastiki uliokatwa kichwa. Na ile kutu ya karne na karne ilikuwa chai ya rangi ya bwenini, ambayo kila aliyewahi kuinywa anajua kwamba inaweza kuzeesha kitu chochote.

"Dokta," mwandishi mmoja akanyoosha kinasa sauti, "ni ya karne ya ngapi?"

Dkt. Bernadeta ni mwanaakiolojia. Hasemi asichoweza kukithibitisha. Akatazama tena ndani, chini ya alizeti.

"Muda wake unaisha mwakani," akasema.

Juu ya rundo la udongo mtu mmoja akacheka mpaka akashika magoti. Huyo ni Bwana Ngosha, mwenye kiwanja. Kwa faida ya waliochelewa kujiunga nasi, Bwana Ngosha anataka kujenga hapo jengo la maduka lenye lifti. Kijiko chake kilipoanza kuchimba msingi, kilizoa vyungu vya kale, na Dkt. Bernadeta akapewa nafasi ya kuchimbua kwa mwiko na brashi kabla zege halijamwagwa. Nafasi hiyo ilikuwa inakwisha. Ndipo, kwa rehema za ajabu, Mrumi akatokea.

Na mbele ya Mrumi, jiji zima lilisimama. Ujenzi ulizuiwa. Kamba ilifungwa. Walinzi waliletwa. Watu ambao hawajawahi kuuliza nani alikaa Mabatini kabla ya mabati walipanga foleni tangu alfajiri wamwone mgeni kutoka Roma.

Sasa mgeni amekuwa debe.

"Agizo la kuzuia ujenzi lilikuwa la Mrumi," akatamka afisa aliyelitoa, ambaye jina lake tutalificha kwa kuwa ana watoto wanaosoma. "Mrumi hayupo. Kwa hiyo agizo halipo."

"Lakini kuna tanuri!" Dkt. Bernadeta akasema. "Tazameni hapa. Hili ni tanuri la kuyeyushia chuma. Haya meusi ni mavi ya chuma, yaliyobaki chuma kilipotoka. Na huyu hapa pembeni ndiye pengine aliyekuwa akivukuta moto. Ana miaka elfu moja na mia tano!"

Waandishi wakachungulia. Pembeni ya tanuri alikuwa amelala mtu, au tuseme mifupa yake, kwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, kama mwanafunzi aliyepewa blanketi fupi.

"Huyu ni Mrumi?" mmoja akauliza.

"Hapana. Ni babu yetu."

"Aaa," akasema mwandishi, akazima kamera.

Hapo ndipo Dkt. Bernadeta alipogeuka polepole kumtazama Dorcas.

Dorcas yuko kidato cha tano, likizo, na alijitolea kuchekecha udongo. Wakati huo alikuwa akilitazama anga kwa makini sana, kama mtu aliyeajiriwa kuhesabu mawingu.

"Dorcas."

"Abee, Dokta."

"Shuleni kwenu mliigiza igizo la Warumi muhula uliopita."

"Lilipata makofi mengi, Dokta."

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

Dorcas akashusha macho. "Kijiko kilikuwa kinakuja, Dokta. Ulionyesha watu vyungu, wakapiga miayo. Ulionyesha tanuri, wakauliza kama linaoka mikate. Nikajua Mrumi hawatampigia miayo."

Dkt. Bernadeta alitaka kukasirika, lakini ukweli ulikuwa umekaa mahali ambapo hasira ilitaka kukaa.

"Wataalamu kutoka Dar es Salaam wanafika kesho," akasema kwa sauti ndogo. "Wakiliona tanuri hili kwa macho yao, eneo litalindwa. Wasipoliona, watalinda nini? Picha? Siku moja tu, Dorcas. Nilihitaji siku moja, nawe umenipa debe."

Nyuma yao injini ikanguruma.

* * *

Kijiko kile kiliendeshwa na Josephat, kijana mpole wa Nyakato mwenye mikono ya kufinyanga mlima na moyo wa kifaranga. Kilikuja kikitikisa ardhi. Vikombe vya uji kwa Mama Hellen, mama lishe wa ng'ambo ya barabara, vikaanza kucheza vyenyewe mezani.

"Ingia moja kwa moja!" akaamuru Bwana Ngosha. "Anza na hilo jiko la mikate!"

Ndoo ya kijiko ikainuka. Dkt. Bernadeta akafumba macho.

Alipoyafumbua, Dorcas hakuwepo.

Alikuwa shimoni. Amelala chali kando ya mifupa, mikono kifuani, ametulia kama matroni amekwisha kuzima taa.

"We mtoto!" Bwana Ngosha akapaza sauti. "Toka humo!"

"Sitoki," akasema Dorcas kutoka chini. "Huyu ni babu yangu. Na mimi ni mjukuu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni mtani wake. Amenioa zamani, na sikuwahi kupikiwa hata chai. Mtani akilala kaburini, nani amtoe?"

Watu waliokuwa wakiondoka wakarudi. Maana hapa, ndugu wasomaji, jambo lilikuwa limebadilika sura. Kila aliyewahi kuhudhuria mazishi anajua kwamba mtani akiingia kaburini, shughuli husimama. Anaweza kumtukana marehemu, anaweza kulala, anaweza kudai apewe mto. Hatolewi kwa nguvu. Anaombwa, anapewa anachotaka, ndipo anatoka.

Josephat akazima injini.

"Washa!" akasema Bwana Ngosha.

"Bosi, mimi mtani simgusi."

"Nani kakwambia umguse? Zoa pembeni yake."

"Bosi, mjomba wangu alimvuta mguu mtani kwenye msiba kule Misungwi. Mpaka leo mjomba anachechemea."

"Mjomba wako aliangukiwa na baiskeli!"

"Ndiyo, bosi. Lakini kwa nini ilimwangukia yeye?"

Bwana Ngosha mwenyewe ni Msukuma wa Kisesa, na ingawa ana vioo vyeusi kwenye gari na kiyoyozi mpaka chooni, kuna mambo mtu hayaachi kijijini hata akihama na godoro. Akasogea ukingoni mwa shimo, akachuchumaa.

"Haya, mtani," akasema kwa adabu ya kulazimishwa. "Unataka nini?"

Juu ya shimo Dkt. Bernadeta alianza kuelewa. Mtani anaweza kuomba chochote. Anaweza kuomba fahali mwenye pembe moja. Anaweza kuomba mvua. Kila ombi lingemlia Bwana Ngosha saa kadhaa, na kesho ingefika ikitembea yenyewe.

Dorcas akafikiri. Alikuwa amelala karibu sana na babu, na tangu asubuhi hakuwa amekula kitu.

"Jogoo," akasema.

Lo! Kosa lililoje. Kosa la mtoto wa bweni, anayeota nyama ya kuku mihula mitatu kwa mwaka. Dkt. Bernadeta akajishika kichwa. Bwana Ngosha akasimama, akatabasamu kwa meno yote.

Jogoo alipatikana kabla vumbi halijatua. Alikuwa akizurura kwa Mama Hellen, mwekundu, mwenye majivuno, na hadi dakika ile hakuwa na habari yoyote ya akiolojia. Josephat alitaka kumpeleka, lakini bosi wake akamnyang'anya.

"Lete. Nampa mwenyewe, asije akasema hakupewa."

Akamshika jogoo kwa mabawa, akateremka mpaka ukingoni, akamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wauza mitumba, mafundi cherehani, waendesha bodaboda na wanakwaya watatu waliokuwa wakipita.

"Haya, mtani. Jogoo wako huyo. Tuachie marehemu wetu."

Dorcas akampokea. Hakuwa na la kufanya. Mtani aliyepewa hana haki ya kubaki. Akapanda juu taratibu, jogoo kwapani, macho yamemlowa.

"Nisamehe, Dokta," akanong'ona. "Njaa iliniwahi."

Dkt. Bernadeta alikuwa akilitazama tanuri lake kama mtu anayemtazama abiria kupitia dirisha la basi lililokwisha kuondoka.

"Josephat!" Bwana Ngosha akapiga makofi. "Washa mashine!"

Josephat akapanda. Akashika ufunguo. Na hapo, Mama Hellen akavuka barabara.

* * *

Mama Hellen si mama lishe tu. Ni mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa. Turubai liko kwake, viti viko kwake, masufuria yanayotosha kuogeshea ndama, yako kwake. Alikuwa hajafuatilia habari za Warumi, kwa kuwa Warumi hawali ugali. Yeye alikuwa ameona mambo mawili tu: kuna mtu kaburini, na kuna mwanamume aliyesimama ukingoni akamtoa mtani kwa jogoo.

Akajifunga khanga ya pili kiunoni, akamwendea Bwana Ngosha, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, baba."

"Pole ya nini?"

"Pole na msiba."

"Mama, mimi sijafiwa."

"Ndivyo wanavyosema wote mwanzoni," Mama Hellen akasema kwa huruma. "Ni mshtuko."

"Simjui huyu mtu!"

"Humjui, na umemtolea jogoo? Kwa mkono wako? Ukasema marehemu wetu?"

Bwana Ngosha akageuka kumtafuta shahidi wa kumtetea, na akakuta kila mtu ni shahidi.

Fundi cherehani mmoja akaja, akavua kofia. "Pole, mzee."

Waendesha bodaboda wakaja. "Pole, bosi. Kazi ya Mungu."

Wale wanakwaya watatu, ambao wameshindwa kujizuia tangu kuumbwa kwa kwaya, wakaanzisha wimbo kwa sauti ya chini.

Mwisho akashuka Josephat kutoka kwenye kijiko. Akasimama mbele ya mwajiri wake, kofia mkononi, macho yamejaa.

"Bosi, ungesema tu kama ni ndugu yako. Nisingekuja na mashine."

"Josephat, nitakufukuza kazi!"

"Huzuni ina maneno makali," akasema Mama Hellen. "Msimjibu. Mleteeni kiti."

Kiti kikaletwa. Bwana Ngosha akakalishwa. Mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, huku watu wanapita mmoja mmoja wakimshika mkono, anaweza kukana mpaka sauti imkauke. Kila akikana, wanamwonea huruma zaidi. Turubai lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye ndoo ya kijiko, kwa kuwa hapakuwa na nguzo nyingine ndefu pale. Kuni zikafika. Michembe ya viazi vitamu ikaanza kuchemka. Yule afisa mwenye watoto alipopita na gari lake aliona msiba, akashuka, akatoa pole na kuondoka bila kuuliza, kama anavyofanya muungwana.

Katibu wa kanisa la jirani akamfuata Dkt. Bernadeta pembeni.

"Samahani, Dokta. Wewe umekuwa naye karibu zaidi. Marehemu alikuwa Mkristo?"

"Hakuwahi kukataa," akasema Dkt. Bernadeta.

"Ilikuwa ghafla?"

"Kwa kweli tumechukua muda kupata taarifa."

Dorcas alikuwa nyuma yake, ameuma khanga ya kuazima ili asicheke. Dkt. Bernadeta akamminya mkono, naye akicheka kwa ndani. Mashine imezimwa. Dereva analia. Mwenye kiwanja hawezi kunyanyuka. Tanuri liko salama, na kesho wataalamu watafika wakute hata chakula.

"Dokta," Dorcas akanong'ona, "si bora jogoo kuliko Mrumi?"

"Nyamaza," akasema Dokta. "Lia kidogo."

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini misiba ina kawaida moja: habari husambaa, na huwafikia mama zetu.

* * *

Bajaji ilisimama kwa kishindo. Akashuka Bibi Suzana, mama mzazi wa Bwana Ngosha, amefika kutoka Kisesa na fimbo yake, kitenge chake cha misibani, na hasira ya kutosha watu wanne.

"Jonathan yuko wapi?"

Ni mama yake peke yake anayemwita Bwana Ngosha jina la ubatizo. Mtu mzima yule akasimama kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya uzio.

"Shikamoo, mayu."

"Usiniamkie! Tumefiwa, na mimi naambiwa na muuza dagaa? Muuza dagaa, Jonathan! Ananipa pole, nami namwuliza pole ya nini, naonekana mwendawazimu mbele ya dagaa!"

"Mayu, hatujafiwa. Ni hawa watu..."

"Na hili turubai?"

"Lao."

"Na hawa wanaolia?"

"Wamejianzishia."

Bibi Suzana akatembea hadi ukingoni mwa shimo. Watu wakampisha. Akatazama chini kwa muda mrefu, pale alipolala yule mtu, amejikunja, hana hata shuka.

"Mtani yuko wapi?" akauliza.

Dorcas akasogea, akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Wewe ndiye uliyelala na mume wetu humu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulipewa?"

"Nilipewa jogoo, bibi."

"Na nani?"

Dorcas, ambaye ni mtundu lakini hasemi uongo mbele ya wakubwa isipokuwa inapobidi, akamnyooshea mkono Bwana Ngosha. Bibi Suzana akageuka.

"Ulitoa kwa mkono wako?"

"Mayu, nilikuwa nataka tu atoke..."

"Nimekuuliza. Kwa mkono wako?"

Bwana Ngosha akatazama mkono wake kana kwamba angependa kuazima mwingine. "Kwa mkono wangu."

"Basi ni wetu," akasema Bibi Suzana.

"Mayu! Ana miaka elfu moja na mia tano!"

"Kwani ndugu anaisha muda? Ni debe la mafuta?" Habari za debe, inaonekana, zilikuwa zimefika hadi Kisesa. "Ng'wanone, mwanangu wee, ukimtolea jogoo mtu kisha ukamkana, wewe ndiye utakayekanwa. Nani atakuzika? Hiyo lifti?"

Bibi Suzana akainua fimbo, akaielekeza kwenye kijiko.

"Hakuna jengo litakalokaa juu ya mtu wetu. Nimemaliza."

Dkt. Bernadeta hakuweza kujizuia. Alimkumbatia Dorcas mpaka miguu ya msichana ikaacha ardhi. Siku moja? Sasa amepata miaka yote! Mwenye kiwanja mwenyewe, kwa kauli ya mama yake, amekuwa mlinzi wa eneo. Hakuna sheria ya mambo ya kale yenye nguvu kama mama wa Kisesa.

"Asante, mama," akasema. "Asante sana."

"Usinishukuru, mwanangu. Ni wajibu." Bibi Suzana akashusha fimbo. "Haya. Nani anachimba?"

"Tunachimba sisi, mama. Mimi na wenzangu."

"Kaburi hili mmelichimba nyie?"

"Ndiyo, mama."

"Mmechimba vibaya."

Dkt. Bernadeta akapepesa macho. "Samahani?"

"Fupi. Mtu amelala juu juu, anatazamwa na wapita njia kama sato wa sokoni. Mtu wetu hazikwi hivi." Akawageukia wanaume. "Anazikwa leo. Pale pale alipolala, lakini kina kiongezwe. Futi sita kamili. Na hilo dongo lililoungua hapo pembeni, ondoeni, linabana."

Dongo lililoungua, ndugu wasomaji, lilikuwa tanuri.

"Mama, hapana!" Dkt. Bernadeta akasema. "Hilo ndilo lenyewe! Hilo ndilo..."

"Ndilo nini?"

"Ni jiko lake."

"Anazikwa na jiko? Alikuwa mpishi?"

Na hapo Bwana Ngosha akafufuka. Mtu yule hakupata mali kwa kukosa akili. Alinyanyuka kwenye kiti cha plastiki, akajikung'uta, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwahi kuonekana Nyamagana yote.

"Mayu amesema kweli," akatamka. "Ni ndugu yetu. Nilikuwa kwenye mshtuko. Nitamzika kwa heshima zote. Nitamjengea kaburi la zege, nondo kutoka chini kabisa, vigae juu. Upana..." akapima kwa macho, kutoka ukingo wa tanuri hadi ukingo wa kiwanja, "upana wa kutosha. Na kwa majembe tutachelewa, jua linazama. Josephat!"

"Naam, bosi."

"Msindikize marehemu. Washa kijiko."

Josephat akafuta machozi. Kwa mara ya kwanza siku ile aliombwa jambo ambalo moyo wake ulikubali. Wanaume wakafungua turubai kutoka kwenye ndoo. Wanakwaya wakapandisha sauti. Mifupa ikafunikwa shuka jeupe la Mama Hellen, tayari kunyanyuliwa kando ili kazi ianze. Injini ikanguruma, safari hii kwa majonzi, na ndoo ya chuma ikainuka juu ya tanuri ambalo lilikuwa limezaa chuma pale pale karne kumi na tano kabla ya lifti.

Hakuna wa kuzuia. Anayezuia mazishi ni mchawi, na mchawi haulizwi shahada.

Dkt. Bernadeta akatazama kushoto. Akatazama kulia. Dorcas alikuwa pembeni, jogoo bado kwapani. Mtani aliyelipwa hana kauli. Ndoo ikaanza kushuka.

"Subirini!" Dkt. Bernadeta akapiga kelele.

Watu wakageuka, nyuso kali.

"Kuna ndugu hajafika."

Wimbo ukakatika. Hakuna maneno mazito kuliko hayo msibani. Maiti imewahi kusubiri ndugu aliyekwama na meli Ukerewe. Imewahi kusubiri ndugu aliyekuwa gerezani. Bibi Suzana akainua mkono, na Josephat akazima injini, ndoo ikining'inia juu ya tanuri kwa urefu wa kiganja.

"Ndugu gani?" akauliza Bibi Suzana.

"Mtoto wake," akasema Dkt. Bernadeta. Mdomo ulikuwa umetangulia, akili ilikuwa bado inavaa viatu. "Mtoto wake wa kwanza."

"Jonathan, ulijua ana mtoto?"

"Uongo!" akasema Bwana Ngosha. "Uongo mtupu! Mtoto wa mtu huyu alikufa kabla..."

"Nyamaza, naongea na mwenzangu. Huyo mtoto yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko njiani, mama."

"Anatoka wapi?"

Dkt. Bernadeta akatazama upande wa ziwa. Akatazama mawe ya kilimani. Akamtazama Dorcas, mtunzi wa Warumi, bingwa wa visingizio vyote vya kuchelewa paredi. Dorcas akamtazama jogoo.

"Anatoka..." akaanza Dokta. "Anatoka..."

"Nimefika," ikasema sauti nyuma ya umati.

Watu wakaachana katikati. Alikuwa mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, viatu vimeloa matope ya ufukweni. Hakuna aliyemfahamu. Hata Mama Hellen, ambaye anamjua kila aliyezaliwa na kila atakayezaliwa Mabatini, alitikisa kichwa.

Mgeni akamwinamia Bibi Suzana, akamwamkia, akaitikiwa. Akapita mbele ya Dkt. Bernadeta bila kumtazama. Akateremka ukingoni, akachota udongo kidogo kwa vidole, akaurusha juu ya shuka jeupe kwa utaratibu wa mtu aliyefundishwa kwao. Kisha akatoa leso, akafuta mikono, akamgeukia Bwana Ngosha.

"Poleni na msiba," akasema. "Mimi ndiye mtoto wa marehemu. Sasa naomba kuelezwa: huyu mwenye kijiko, nani alimruhusu kuingia kwenye kiwanja cha baba yangu?"

Jibu, ndugu wasomaji, ni wiki ijayo.